Polisi wanamfahamu vizuri: vijineno vya Kiingereza vinavyogeuza sifa ya mtu

Nina kimeza changu ndani ya steshenari moja hapa Dar, nachapa CV, barua za maombi, viapo, na mara moja moja hata hotuba za sendofu. Miaka kadhaa nyuma alikuja mzee mmoja na karatasi ya daftari imekunjwa mara nne. Mwanae alikuwa anaomba kazi ya ulinzi kwenye ofisi ya wageni, wakataka barua ya kumtambulisha, tena iwe ya Kiingereza. Shikamoo mzee wangu, marahaba binti, akanipa karatasi. Barua yenyewe safi kabisa, Kiswahili cha watu waliosoma enzi zile, inasema kijana ni mwaminifu, ameshiriki ulinzi shirikishi pale mtaani kwao na anafahamika vizuri kwa polisi wa kituo chetu.

Mie nikatafsiri chapchap maana foleni ilikuwa ndefu na umeme ulikuwa unachezacheza. "He is honest and he is well known to the police." Ile ya ulinzi shirikishi sikujua naiitaje nikairuka. Nikaprinti, nikachukua hela yangu, mzee akaenda zake.

Baada ya wiki karudi. Hana hasira, ila ana swali. Kuna mtu wa palepale ofisini, Mtanzania mwenzetu, kamvuta pembeni kamwambia mzee kwa barua hii mwanao hapati hata kazi ya kufagia, humu pameandikwa kijana ana faili polisi.

Na yule mtu alikuwa sahihi. Sentensi yangu haina kosa hata moja la grama, mwalimu wa sekondari angeipa vema, lakini kwa Mwingereza "known to the police" ni msemo wa magazeti, maana yake jamaa ameshashikwa shikwa, akitokea tukio yeye ndo wa kwanza kutafutwa. Yaani niliandika tusi kwa wino mzuri. Tangu siku ile nikaanza kuandika kwenye daftari kila sentensi ya Kiingereza inayosema mtu anaonwaje, anajulikanaje, anachukuliwaje, maana ndizo sentensi zinazojaa kwenye barua ninazochapa, na ndizo zinazotuangusha kuliko hata yale mambo ya "he" na "she".

Nilichokuja kugundua ni hiki. Sisi kazi nzito tunampa kitenzi. Kutoka kwenye jua tunapata juana, julisha, julikana, julikaniana ukitaka, kutoka kwenye ona tunapata onekana, onwa, onyesha, kila mkia una habari yake. Baada ya hapo tunahitaji vibarua wachache tu wa kuunganisha, kwa, na, kama, kuwa, na hawa vibarua wanne wanabeba kila mzigo bila kulalamika. Kiingereza ni kinyume, kitenzi kimekaa kama gogo, "known" ni "known" asubuhi mpaka jioni, kazi yote imeachiwa kijineno kinachofuata. Kwa hiyo mtu anayetafsiri anahangaika kutafuta kitenzi kizuri kwenye kamusi, anakipata, halafu anaokota kijineno chochote cha kufuatia, na hapo ndo anapoumia.

Chukua kwa. Anajulikana kwa jina la Mwalimu. Anajulikana kwa Azimio la Arusha. Anajulikana kwa Watanzania wote. Nilimjua kwa sauti. Kwa ni ileile mara nne, na Mswahili hapepesi macho, anajua tu. Kiingereza kinataka vijineno vinne tofauti. Nyerere "is known as Mwalimu", hilo ni jina. "He is known for the Arusha Declaration", hilo ni jambo alilofanya, la mwaka 1967. "He is known to Tanzanians", hao ndio wenye macho. Na sauti yake redioni, "you recognised him by his voice", hiyo ni alama ya kumtambulia. Ukishaiona hivyo inakaa kichwani bila kukariri: baada ya "as" weka yeye ni nani, baada ya "for" weka alifanya nini au ana nini, baada ya "to" weka watu wanaomtazama, baada ya "by" weka alama. Na unaweza kuzifunga pamoja kwenye sentensi moja ikakaa vizuri tu, "known to Tanzanians as Mwalimu", wanaomtazama kwanza halafu jina. Jina lenyewe alilipata kihalali, alikuwa mwalimu kweli, amefundisha Tabora na Pugu kabla hajaacha ualimu mwaka 1955 aingie siasa moja kwa moja.

Watu wanauliza, sasa anajulikana NA kila mtu si iwe "by everyone"? Ukisema "known by everyone" hujakosea, utaeleweka. Ila kilichozoeleka kwa hali ya kudumu ya kufahamika ni "known to". Ndo nilichofanya mie kwa yule kijana, nikatumia kile kilichozoeleka, bahati mbaya kimezoeleka na polisi kwa maana yake ya pekee. Jirani zako wakikufahamu ni sifa. Polisi wakikufahamu ni kesi.

Kuna na "known to" nyingine inayofuatwa na kitenzi, hii haina uhusiano na macho ya mtu. "He is known to lie" ni kwamba watu wanajua ana tabia ya kudanganya. Ukiirefusha kidogo ikawa "he has been known to lie", makali yanapungua, ni kama kusema kuna siku imewahi kutokea. Waingereza wanaipenda kwa utani. Bosi mnuni utasikia "he has been known to smile", eti imewahi kutokea akatabasamu. Mtu wa kwetu angesema siku bosi akicheka mvua inanyesha.

Wale wanaokumbukwa wanaangukia kwenye utaratibu uleule wa "as" na "for". Wangari Maathai wa Kenya "is remembered for planting trees", hiyo ni kazi yake, harakati za Green Belt alizianzisha mwaka 1977. Lakini "she is remembered as the first African woman to win the Nobel Peace Prize", hiyo ni nafasi yake, mwaka 2004. Na angalia hapo ile "the first African woman to win", Kiingereza hakisemi "the first woman who she won", kinachomeka "to" basi. Hiyo ni zawadi kwenu mnaoandika wasifu wa marehemu, maana nachapa nyingi sana za "he was the first person who he built a brick house in the village", na marehemu wa watu hawezi kujitetea.

Mtu mwenye jina la kuzaliwa na jina la mjini ana sentensi yake kabisa, haina haja ya kubuni. Unaanza na jina la kwanza, unaweka koma, "better known as", unaweka la pili. Fatuma binti Baraka, "better known as Bi Kidude". Farrokh Bulsara aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, "better known as Freddie Mercury". Hiyo "better" haisemi kwamba jina la pili ni bora, inasema ndo watu wanalolijua zaidi. Hapa Tanzania tumependa sana "popularly known as", kila kadi ya mchango wa harusi inayo, sina ugomvi nayo, ila usiiweke kwa mtu anayejulikana na shangazi zake peke yao. Na ile "alias" iacheni kabisa kwenye CV, ina harufu ya kizimbani.

Sasa twende kwa kama, maana huyu ndo kibarua mwenye matatizo zaidi.

Kama yetu inasimamia "as" na "like" kwa wakati mmoja. Anafanya kazi kama dereva. Anafanya kazi kama punda. Kiswahili kinaacha akili yako ichague, huyu wa kwanza ni dereva kweli, wa pili si punda. Kwa Kiingereza ukichanganya unachekesha. "He works as a driver", ni ajira yake. "He works like a donkey", ni mfano. Ukiandika "he works as a donkey" umesema ana cheo cha upunda, labda na mkataba. Siku hizi nikipata kama kwenye barua ya mteja namuuliza, ndiye au mfano? Akisema ndiye naweka "as", akisema mfano naweka "like". "As a father I advise you" inasemwa na baba. "He advised me like a father" inasemwa juu ya mtu baki aliyekuwa na roho ya baba. Nilishawahi kuchapa barua ya shukrani kwa mfadhili, kijana kaandika umenilea kama baba, nikaponea chupuchupu kuandika "as my father", mke wa mfadhili angeanza kuuliza maswali.

Lakini ukishaingia kwenye vitenzi vya kumtazama mtu, "as" inalegea kidogo. "She is seen as a mother", hapa haisemi ni mama kweli, inasema machoni pa watu ana nafasi ya mama. Ukweli unabaki kwao wanaotazama. Ndo maana wanasiasa wanaipenda hii sentensi, "he is seen as the next president", nani kaona hasemi.

Vitenzi vinavyodai "as" ni hivi ninavyovikuta kila siku: "see", "regard", "view", "describe", "think of", "refer to", "recognise". Bila "as" sentensi inachechemea. "He is regarded a hero" ni kosa, lazima "regarded as a hero". Halafu kwenye familia hiyohiyo kuna mtoto mtukutu anaitwa "consider". Maana yake ileile, kazi yake ileile, ila hataki "as". "He is considered a hero", basi, kavukavu. Utakutana na "considered as a hero" sehemu nyingi, hata kwa wenye lugha yao, lakini wasahihishaji wengi wanaifyeka, kwa hiyo kwenye barua ya kazi usijitafutie. Ila kuna sehemu moja "consider" anaikubali "as" kwa moyo mweupe, pale maana inapokuwa kumchunguza mtu kwa upande mmoja kati ya pande zake. Shaaban Robert, 1909 mpaka 1962, alikuwa mshairi na pia mwandishi wa insha. Mwalimu anaweza kusema leo "we shall consider Shaaban Robert as a poet", kesho "as an essayist". Hapo hasemi watu wanamdhania mshairi, anasema tumtazame kwa upande huo.

"Call" naye hataki kitu katikati, "they call him Teacher". Hapa angalau Kiswahili kinatusaidia maana na sisi hatusemi wanamwita kama Mwalimu, kwa hiyo nimekuta makosa machache. Tunapokosea ni zile "a" na "the", kwa sababu sisi hatuna. "Regarded as hero" naikuta kila wiki. Baada ya "as" nomino ya kawaida inataka "a", cheo cha mtu mmoja pekee kinachukua "the" au kinabaki kitupu, na kivumishi hakitaki chochote. "Seen as a father." "Seen as the Father of the Nation." "Seen as arrogant." Hiyo ya mwisho watu wanaiogopa, wanaona kivumishi kimebaki uchi wanakivisha, "seen as an arrogant". Kiacheni uchi.

"Recognise as" nataka niipe mfano wa mbio maana ndo nilipoielewa vizuri. Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kule Vienna kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40. Dunia nzima ikaona. Lakini haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, kwa sababu mbio hazikuwa za ushindani wa wazi na kulikuwa na vikosi vya wakimbizaji wanapokezana kumvuta mbele. Kwa Kiingereza "it was not recognised as a world record". Hapa "recognise" haina maana ya kutambua sura, haiwezekani mtu aone saa asiitambue, ni kukubali kirasmi. Na papohapo mtu huyohuyo "is widely regarded as one of the greatest marathon runners ever". Yaani macho ya watu yanasema hivi, kitabu cha wenye mamlaka kinasema vile, na Kiingereza kinakuchagulia kitenzi kulingana na nani anatazama. Sisi tungesema anahesabika, haihesabiki, imeisha.

Anaonekana. Jamani hili neno. Anaonekana amechoka, anaonekana kwa mbali, anaonekana Mwenge kila jioni, anaonekana mtu mzuri. Neno moja, na Kiingereza kinalikatakata vipande. Kama ni sura unayoiona kwa macho, "look". Kama ni hisia yako tu baada ya kupiga hesabu, "seem". Kama mtu aliyeonekana alishuhudiwa na watu, "was seen". Mteja kaandika mama mwenye nyumba alionekana akilia, ni "she was seen crying", kuna watu walimwona. Angeandika alionekana kulia ningeuliza tena, maana hapo anaweza kuwa anasema ilikuwa kama analia, "she seemed to be crying".

Baada ya "look" kuna mtego. Kivumishi kinakaa moja kwa moja, "he looks tired". Nomino inadai "like", "he looks like a teacher". Sentensi nzima inadai "as if", "he looks as if he has not slept". Kosa letu la taifa ni "he looks like tired", na linatokana na kama ileile, anaonekana kama amechoka. Nikipewa shilingi mia kwa kila "looks like tired" ningeshanunua mashine ya fotokopi ya pili.

Halafu kuna ile ya anaonekana mlevi. Kiswahili kinaweza kumaanisha amelewa sasa hivi au ni mlevi wa kudumu. "He looks drunk" ni ya sasa hivi. "He looks like a drunkard" ni hukumu ya maisha. Kwenye taarifa ya ajali hiyo tofauti ni kubwa mno.

Kuna vitenzi viwili vya kuelezea mtu anavyokujia machoni mara ya kwanza, na vyote ukivitafsiri neno kwa neno unapotea. "She strikes me as honest" haina kipigo ndani yake, ni kwamba mie nilivyomwona nimeona ni mkweli. "He comes across as proud" haina kuvuka barabara, ni kwamba anaonekana anaringa, pengine haringi, ila ndivyo anavyopokelewa. Hizi mbili nazipenda maana zina adabu, zinakubali kwamba macho ni yangu, naweza kuwa nimekosea. Kiswahili chetu kina nilivyomwona mie, ambayo ni sawasawa kabisa, sijui kwa nini hatuitumii kwenye barua.

Na nimekufananisha je? Unamgonga mtu bega pale Kariakoo, anageuka, siye. Unasema samahani nimekufananisha. Nilimsikia kijana mmoja akimwambia Mzungu "sorry, I resembled you", Mzungu akabaki anajitazama. "Resemble" ni kufanana wewe mwenyewe na mtu, haimchukui mtu ikamfananisha. Inayotakiwa ni "I mistook you for someone else", au kirahisi "I thought you were someone else". Ona "for" imerudi tena, ila hapa siyo ya sifa, ni ya kubadilishwa, mtu huyu kawekwa mahali pa yule. Ndugu zake ni "take for" na "pass for". "I took him for a doctor", nilidhani daktari. "She could pass for twenty-five", ukimwona utasema ana ishirini na tano, na kwa kawaida ana zaidi.

Magazeti yana kona yao. Kiswahili cha habari kinasema anadaiwa kuiba, anasadikiwa kujificha, anaaminika kuwa tajiri. Mteja wangu mmoja alikuwa na kesi ya mgogoro wa nyumba, kaleta maelezo nimtafsirie mwanasheria wake, mdaiwa anadaiwa kuvunja ukuta. Ukiacha utani wa kwamba kadaiwa mara mbili, tatizo ni lile umbo la kuvunja, halina wakati ndani yake. Sisi tunajua ni jana. "He is alleged to break the wall" kwa Kiingereza inasoma kama ni mazoea yake, kila siku anavunja ukuta. Ya zamani inataka "to have": "he is alleged to have broken the wall". Inayoendelea inataka "to be" na mkia wa "ing": "he is believed to be hiding in Morogoro". Hali ya kawaida inabaki fupi: "he is believed to be rich".

Au anza na "it", ikifuatiwa na "that", halafu sentensi kamili kama kawaida: "it is alleged that he broke the wall". Zote mbili zinakubalika, kinachokatazwa ni kuzichanganya, "he is alleged that he broke", na tunazichanganya kwa sababu Kiswahili kinaruhusu anadaiwa kuwa alivunja bila shida yoyote. Ukichoka, tumia hiyo ya "it". Haina ujanja lakini haikuangushi. Anatuhumiwa kwa ni "accused of", anashtakiwa kwa ni "charged with", hizo ni za kukariri tu hazina elimu nyingine ndani yake.

Upande wa kutambulika, "identify", kuna mambo matatu yanasongamana. Mtu akitambuliwa na ndugu yake, "he was identified by his brother". Akitambuliwa kwa kovu, "he was identified by a scar". "By" zote mbili, na hapa naomba niseme kwa kujivuna kidogo kwamba Kiswahili kimekishinda Kiingereza, sisi tuna "na" ya ndugu (ametambuliwa na nduguye) na "kwa" ya kovu (ametambuliwa kwa kovu), hakuna wa kudhani kovu lilikuja mochwari kutoa ushahidi. Jina lake likitajwa, "he was identified as Juma Ally", na kama ni mwili, wanaojali wanaandika "the body was identified as that of Juma Ally", ile "that of" ndo yetu ya ni wa. Na ile sentensi ya magazeti yetu, aliyefahamika kwa jina moja tu la Juma, nilihangaika nayo miaka, naandika "who was known by one name only of Juma", hadi nilipokuta wenzetu wanasema maneno matatu tu, "identified only as Juma". Niliandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.

"Identify as" bila kutendwa ni mtu anayejitaja mwenyewe, anasema mie ni fulani, kabila, imani, utaifa. "Identify with" ni kujiona ndani ya mtu mwingine, maumivu yake unayahisi. Mswahili wa Oman mwenye bibi wa Pemba anaweza "identify as Omani" na bado "identify with" watu wa Pemba, hakuna mgongano.

Nimalizie na neno moja la hatari kuliko yote, "so-called". Sisi tunaliona tunasema aha, aitwaye. Kumbe sivyo. Nimewahi kupokea hotuba ya mahafali imeandikwa tayari kwa Kiingereza niichape tu, mgeni rasmi katajwa humo, "our so-called guest of honour". Hiyo maana yake eti mgeni rasmi, huyo mnayemwita mgeni rasmi wakati si lolote. Aitwaye ni "called" au "named" basi. Ukitaka dharau ya namna hiyo kwa Kiswahili tuna anajiita, anajiita mchungaji, na Kiingereza nacho kinayo hivyohivyo, "he calls himself a pastor", sauti inapanda kidogo mwishoni na kila mtu anaelewa. Nilimpigia mwenye hotuba simu, akabisha, akasema hata kwenye kamusi ipo. Nikaifuta kimyakimya. Hajawahi kujua.

Yule mzee nilimwandikia barua mpya bure. Nilikaa nayo jioni nzima, nikauliza huku na huku ulinzi shirikishi wanaitaje, nikaamua niseme tu wazi kilichofanyika: "He has served as a volunteer on our neighbourhood night patrol, he is known to his neighbours as an honest young man, and he has no criminal record." Akaivaa miwani yake, akaisoma polepole na kidole, akafika mwisho, akarudi juu, akaisoma tena.

"Binti, naona polisi umewatoa wote."

"Nimewatoa, mzee wangu."

"Ila mkuu wa kituo atasikitika," akasema, akaikunja mara nne akaitia mfukoni.